Kuteleza kwenye Zege si Kuanguka



Tulikuwa wanne, tumetoka mazishini kijijini. Bodaboda zilitushusha Sumbawanga mjini saa moja na nusu jioni, na baridi ya Julai ilikuwa imeshaanza kuuma masikio. Tangu asubuhi tulikuwa tumekunywa uji tu. Karibu na stendi kijana mmoja alikuwa anageuza chipsi kwenye karai, mayai ameshayapasua kwenye bakuli. Wiki ya saba ilikuwa inaisha tangu tuahidiane kwamba likizo hii hakuna chipsi, hakuna soda, na kila alfajiri baada ya Misa tunatembea kwa kasi kuelekea upande wa milima ya Mbizi. Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno. Tukakaa kwenye benchi, kila mtu akaletewa zege lake, mishikaki miwili juu, na soda pembeni.

Lilikuwa tamu, hatutadanganya.

Kesho yake, Jumapili, baada ya Misa ya pili tulipewa chai na chapati parokiani. Mmoja wetu akasema, "Si tumeshaharibu jana?" Basi chapati zikawa tatu tatu. Tukasema tutaanza upya Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na sala ya jumuiya, na mama mwenye nyumba alikuwa amepika wali. Tukasema Jumatatu ijayo. Alfajiri hatukutembea tena, maana mtu atatembeaje na hali ameshashindwa? Yakapita majuma mawili hivyo hivyo.

Makala hii inahusu yale majuma mawili zaidi ya ile sahani. Zege lile lilichukua nusu saa ya maisha yetu. Wazo tulilotoka nalo pale kwenye benchi, kwamba "tumeshaharibu", lilichukua siku kumi na nne. Tunaamini watu wengi wanaohangaika na uzito hawashindwi na chipsi. Wanashindwa na wazo hilo.

Kwa nini tulianza

Tuseme kwanza kwamba hatukuanza kwa ajili ya urembo. Mmoja wetu, mwenye miaka 25, alikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimuuma mara kwa mara. Muuguzi akampima presha, akanyamaza, akampima tena. Wiki iliyofuata akarudi, ikawa ile ile. Aliambiwa apunguze uzito na chumvi, kisha arudi waone kama vidonge vinahitajika. Aliporudi alituambia jambo moja tu: baba yake mdogo alipooza upande mmoja akiwa na miaka arobaini na mbili, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha wakati wa likizo. Tukaamua kwamba hatafanya peke yake. Na tulipojipima kwenye mizani ya duka la dawa, tuligundua kwamba wawili kati ya sisi watatu tuliobaki nao walikuwa wamezidi.

Haikuwa ajabu. Babu zetu hapa Ufipa walikula mlima wa ugali, wa ulezi au wa mahindi, na maharage. Lakini waliula baada ya kulima ntumba, yale matuta ya mviringo yanayogeuzwa kwa jembe la mkono tangu jua linapochomoza. Sisi tumerithi mlima wa ugali, jembe tumeliacha shambani. Tunakula kama mlimaji, kisha tunakaa saa nane na vitabu. Halafu lami ilipokuja kutoka Tunduma, mji ukachangamka, na pamoja na mambo mengi mema zikaja kabati za chipsi kila kona. Hatumlaumu anayekaanga. Wengi wao ni vijana wa rika letu wanaosomesha wadogo zao kwa karai hilo hilo. Tunasema tu kwamba mwili hauna taarifa kuwa maisha yamebadilika. Unaendelea kuweka akiba kama vile kesho kuna kulima.

Hesabu ya sahani moja

Baada ya yale majuma mawili tulikaa chini tukafanya hesabu ambayo tungepaswa kuifanya usiku ule ule. Gramu moja ya wanga ina kalori kama nne, gramu moja ya mafuta ina kalori tisa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, na zege halitengenezwi kwa kijiko kimoja. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu gramu 35 hadi 40, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku za sukari ya kuongezwa, na ni vizuri zaidi akibaki kwenye 25. Ukijumlisha viazi, mayai, mafuta, mishikaki na soda, jioni ile kila mmoja wetu huenda alikula kalori elfu moja na ushei.

Ni nyingi. Lakini sehemu yake tungeila hata kama tungekula ugali na maharage nyumbani. Tuseme tulizidisha kalori 600. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700. Basi zege lile, hata tukilihukumu kwa ukali, lilituongezea chini ya gramu mia moja. Mfuko wa chumvi wa nusu kilo unalizidi mara tano.

Mbona basi Jumatatu mizani ilisema tumeongezeka kilo moja na nusu? Kwa sababu chumvi hushika maji mwilini, na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini nao huhifadhiwa pamoja na maji. Maji hayo huondoka yenyewe baada ya siku mbili tatu, mtu akirudi kwenye chakula chake cha kawaida. Sisi hatukujua. Tuliona namba, tukaamini kwamba wiki saba zimefutika, tukaacha. Kilo ya kweli tuliipata baadaye, katika zile siku kumi na nne za kusema "haina maana tena".

Wanasaikolojia wanalijua jambo hili. Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, kisha wakawaambia waonje aiskrimu kadiri wanavyotaka. Waliokuwa hawajizuii kula walifanya kama tunavyotarajia: wakishakunywa kile kinywaji, walikula aiskrimu kidogo zaidi. Lakini wale waliokuwa wakijibana kwa mlo, wakishakunywa, ndio waliokula zaidi. Kanuni yao ilikuwa imeshavunjika, na kanuni ikivunjika hawakuwa na kitu kingine cha kuwazuia. Tuliposoma hayo tulicheka, maana tulijiona sisi na chapati zetu za Jumapili.

Walichokijua wazee wa falsafa

Tunasoma falsafa, na tunakiri kwamba mwaka mzima tuliyasoma Maadili ya Nikomako kwa ajili ya mtihani bila kufikiri kwamba yanahusu karai la chipsi. Aristotle anatofautisha watu wawili. Yupo mtu asiye na kiasi kabisa, ambaye anafuata anasa kwa sababu ameamua kuwa ndiyo njema, wala hajuti. Na yupo mtu dhaifu wa nia, ambaye anajua lililo jema, anateleza, kisha anajuta. Aristotle anasema wa kwanza ni mgumu kuponyeka, wa pili anaponyeka, kwa sababu ndani yake kanuni njema bado iko hai. Majuto yake ndiyo ushahidi.

Sasa tazama tulichofanya. Jumamosi jioni tulikuwa watu wa aina ya pili. Tuliteleza na tukajua kwamba tumeteleza. Jumapili, kwa kusema "si tumeshaharibu", tulianza kujifanya watu wa aina ya kwanza: tukageuza udhaifu wa saa moja kuwa uamuzi. Huko ndiko hasara ilikotokea.

Mwanafalsafa huyo huyo anafundisha kwamba kiasi hakipimwi kwa kibaba kimoja kwa watu wote. Anatoa mfano wa Milo, mpiga mieleka maarufu wa kale (hilo ni jina la mtu, wala si milo mitatu ya siku). Chakula ambacho kwa Milo ni kidogo, kwa anayeanza mazoezi ni kingi. Mkulima wa Laela aliyepalilia kutwa na frateri aliyekaa maktaba hawawezi kuwekewa sahani moja, na hakuna kati yao aliye mlafi wala mtakatifu kwa sababu ya ukubwa wa sahani pekee.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anaongeza jambo lililotushtua. Anasema ulafi una sura tano, na kula kingi ni mojawapo tu. Mtu anaweza kuwa mlafi kwa kula kabla ya wakati, kwa kutaka vya gharama, kwa kudai vipikwe kwa namna ya kumpendeza yeye, au kwa kula kwa pupa. Kumbe mtu mwembamba anayesumbua jiko zima kwa masharti yake anaweza kuwa mlafi kuliko mnene anayekula alichowekewa na kushukuru. Basi tuache kumhukumu mtu roho kwa kumtazama tumbo. Unene una sababu nyingi, zikiwemo za kurithi na za ugonjwa. Kitambi si dhambi. Lakini afya tumekabidhiwa, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaiweka wazi: fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kila namna ya kuzidisha, chakula kikiwemo.

Tupa wanga?

Kuna simulizi inayojulikana na wengi kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Wanga, kwa maana ya uchawi, unautupa nje kabla ya kuingia mjini. Sisi wanne tulikuwa na utani wetu: mji umetuamuru wazi tutupe wanga, na sisi tunaingia nao kwa sahani.

Lakini utani huo una hatari yake. Wapo wanaotaka kuupunguza mwili kwa kuufanya wanga kuwa uchawi kweli kweli: hawagusi ugali, hawagusi wali, wanaogopa kiazi kama hirizi. Siku wakikigusa wanajiona wamerogwa, na aliyerogwa hana tena wajibu. Sisi tunasema wanga wa Ufipa usitupwe. Mahindi na ulezi ndivyo vilivyotulea. Kinachotakiwa ni kuupunguza mlima na kuupa wenzake: maharage, dagaa wa Tanganyika, mchicha, yai, parachichi, maziwa.

Na hapa tumjibu msomaji ambaye bila shaka amekuwa akisubiri kutuambia, "Nyie mafrateri mnazungumza shida ya walioshiba, mkoani kwetu watoto wanakosa." Ni pingamizi zito, na hatutaki kulipita. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Rukwa, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi yake, ni karibu nusu ya watoto. Na katika utafiti kama huo wa mwaka 2015-16, asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Maghala yamejaa, mtoto amedumaa, na mtu mzima mjini amezidi uzito. Sisi tunaona kwamba hizi si habari mbili. Mara nyingi ni sahani moja ile ile yenye rangi moja: kwa mtoto inakosa cha kumjenga, kwa mtu mzima inazidisha cha kumnenepesha.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Frateri akifika nyumbani kwa watu Ufipa, kuku anakimbizwa. Tunaketishwa sebuleni, tunaletewa mapaja na firigisi, na mama anasimama mlangoni akisema, "Frateri, ongeza, baba. Mbona hujala?" Nyuma ya mlango watoto wanasubiri mabawa na mchuzi. Tumekula hivyo miaka mingi tukiita heshima. Siku moja katika yale majuma mawili, kwenye nyumba ambayo hatutaitaja, mtoto wa miaka minne hivi alikuja akasimama karibu na meza yetu akitazama. Mama akamrudisha haraka, kwa aibu. Yule frateri wa presha akaweka kijiko chini. Akasema, "Mama, tunaomba wakae nasi." Walikuja watatu. Hatukuwahi kula kidogo vile, wala kushiba vile.

Tangu siku ile hatujaona tena kupunguza uzito kama jambo la kubana tumbo peke yake. Paja ambalo daktari anakukataza, lina mtu linayemfaa.

Tunapoteleza, tunafanya nini?

Hatuandiki kama waliofika. Tunaandika kama wanaotembea, na haya ndiyo tuliyojifunza njiani.

Kwanza, tumefuta neno "Jumatatu". Mtu aliyekula zege jioni anarudi njiani kwenye mlo unaofuata, wala hasubiri wiki mpya, mwezi mpya au Kwaresima. Kama mlo unaofuata ni chai ya asubuhi, basi ni pale.

Pili, hatujiadhibu. Kesho yake baada ya zege hatushindi njaa kulipiza, kwa kuwa tulijaribu, na ilipofika jioni njaa ilitupeleka kwenye karai lile lile. Tunakula kawaida, tunakunywa maji, tunatembea. Wamonaki wa kale walishasema kwamba kufunga kupita kiasi na kula kupita kiasi vinamfikisha mtu mahali pamoja, na Yohane Kasiano aliwaandikia wenzake onyo hilo karne ya tano.

Tatu, tunajipima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kabla ya kula. Mizani ya kila siku ni umbeya: inasema mengi, na mengi si kweli.

Nne, chipsi hatukuzipiga marufuku tena. Tumezipangia. Mara moja kwa wiki mbili, sahani moja kwa watu wawili, kachumbari nyingi, maji badala ya soda, na hatuendi tukiwa na njaa ya kutwa. Siku ya mazishi ile kosa letu halikuanza kwenye benchi. Lilianza asubuhi tulipoondoka na uji mtupu.

Tano, tunaambiana. Anayeteleza anatuma ujumbe mfupi: "Nimekula zege." Anajibiwa: "Haya, kesho saa kumi na mbili, barabara ya Mbizi." Hakuna mahubiri. Aliyeficha ndiye anayerudia.

Sita, tusichanganye mfungo na mlo wa kupunguza uzito. Mfungo tunaufanya kwa ajili ya Mungu na jirani, hata kwa yule asiye na gramu ya kupunguza. Anayefunga Ijumaa ili suruali imkae vizuri amejinufaisha labda, ila asiuite mfungo. Na mwenye wasiwasi unaomfanya aone kila tonge ni dhambi azungumze na baba yake wa kiroho. Anayekula kwa kujificha hadi kuumwa, au anayejitapisha, ni mgonjwa anayehitaji msaada, hahitaji kukemewa. Mwenye kisukari au presha asianze mambo haya kwa makala yetu. Aanzie kituo cha afya.

Saba, tujifunze lugha mpya ya kusifiana. Tukirudi likizo tunapokelewa kwa "Frateri, umenawiri! Seminari wanawalisha!" Na aliyepungua anaulizwa kama anaumwa. Hatuwalaumu wazazi wetu, maana wao wameona njaa, na kwao mwili mkubwa ulikuwa habari njema. Tuwajibu kwa upole na kicheko. Lakini sisi kwa sisi tuache kusema kwamba kitambi ni dalili ya wito kukomaa.

Ntumba

Wakati wa kulima, mkulima wa Ufipa hayachomi majani yote yaliyoota shambani. Anayageuza kwa jembe, anayafukia ndani ya tuta, na hayo majani yaliyokuwa kero yanaoza humo na kuwa mbolea. Juu ya ntumba anapanda maharage. Msimu unaofuata anaisambaza na kupanda ulezi. Hakuna mkulima anayetazama shamba lenye majani akasema, "Limeshaharibika, acha yaote yote."

Tulirudi kwenye benchi lile mwishoni mwa Agosti, siku chache kabla ya kufunga mabegi. Kijana wa chipsi alitukumbuka. Tukaagiza sahani mbili kwa watu wanne, kachumbari na maji. Yule mwenzetu alikuwa amepungua kilo tatu na nusu, na presha yake ilikuwa imeshuka, ingawa bado anapimwa kila mwezi. Mwingine alikuwa amepungua kilo moja tu, na mwingine hakupungua kitu ila anapanda mlima bila kuhema. Tulipomaliza, kijana akatuuliza kama atuongezee. Tulitazamana tena kama siku ile, safari hii tukacheka.

"Hapana, asante," tukamwambia. "Nyumbani wamepika maharage."